Bango la Kinyozi

“Andika tumbo,” kinyozi alisema.

Mchora mabango alikuwa ameshafika mbali. Kwenye kitambaa cheupe kilichotandazwa sakafuni palisomeka NYOA NA UCHANGIE UTAFITI WA SARATANI YA, na brashi yake ilikuwa hewani, inadondosha rangi nyekundu juu ya gazeti kuukuu.

“Asubuhi ulisema mlango wa kiza—”

“Nimesema tumbo. Hilo neno lako refu halitaenea.”

“Nafasi ipo. Nimepima.”

“Wewe kazi yako ni kupaka rangi au kubishana na wateja?”

Mchora mabango alishusha pumzi, akachovya brashi, akaandika TUMBO kwa herufi nono, kisha kwa ukarimu wake akachora mkasi upande mmoja na chanuo upande wa pili. Kinyozi hakuweza kukaa wakati rangi inakauka. Alizunguka kile chumba kama mtu aliyevaa viatu vya kubana, akienda mlangoni, akirudi, akikisoma kitambaa na kukisoma tena, utadhani neno lile lingeweza kujibadilisha mgongoni mwake.

Mtaa mzima ulimwita Wembe, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Banda lake la kunyolea lilikuwa na kiti kimoja cha kazi, benchi la kungojea, kioo kilicholiwa na unyevu pembeni, na chupa ya spiriti ambayo haikuruhusiwa kukauka. Kila kichwa kilipata wembe mpya. Aliuinua juu kidogo ili mteja aione ile karatasi yake, akaichana mbele ya macho yake, ndipo akaanza. Vinyozi wa mtaa wa pili walimcheka kwa madaha hayo, lakini wateja wao walikuwa wakihamia kwake mmoja mmoja. Mtu anayekuachia koo lake huku umeshika chuma hataki hotuba, anataka kuiona karatasi.

Ndiyo maana siku ile hospitalini, sista wa utafiti alipotamka neno virusi, kinyozi alikiona kiti chake kitupu kabla hata hajamtazama mkewe.

“Saratani hii ya mlango wa kizazi inaletwa na virusi,” sista alikuwa amewaeleza, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeshasema maneno hayo mara nyingi. “Vinapita katika tendo la ndoa. Mwanamume anaweza kuwa navyo na asijue, maana mara nyingi havimsumbui. Vinaweza kukaa kimya miaka mingi. Kwa hiyo mkirudi nyumbani msianze kuulizana kavileta nani na lini. Hakuna kipimo kitakachowajibu.”

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa. Hakumgeukia mumewe. Kinyozi aliikodolea macho kalenda ya ukutani. Kulikuwa na mwaka mmoja, pacha wao wakiwa bado wananyonya, ambao aliutumia akifanya kazi mji mwingine, na mwaka huo alikuwa ameufukia vizuri, akadhani. Sasa alikaa kwenye lile benchi akingoja kuulizwa. Hakuulizwa siku hiyo. Hakuulizwa hata mionzi ya matibabu ilipommaliza mkewe nguvu kiasi cha kushindwa kuvua viatu, naye akawa anapiga magoti kumvua. Alivua viatu akiwa ameinamisha uso, akingoja swali lidondoke juu ya kisogo chake. Halikudondoka, na kutoulizwa huko kukawa kunamtafuna ndani kwa ndani.

Kisha utafiti wenyewe ukakwama. Mfadhili alikuwa amejitoa, na kile kipimo walichokuwa wakikijaribu, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe nyumbani bila kuvua nguo mbele ya mtu, kingeishia njiani. Wanawake waliokuwa wameshapimwa mara ya kwanza walitakiwa kurudi mara ya pili, na hakukuwa na pesa ya vifaa wala nauli. Sista alipowaambia akinamama wa kliniki, kila mmoja aliahidi alichoweza. Mama Pacha, ambaye kabla ya ugonjwa alikuwa akiuza mitumba sokoni na kuita wateja kwa sauti ya kuamsha wafu, hakuwa na cha kuahidi isipokuwa mume.

“Mume wangu ni kinyozi,” alisema. “Jumamosi nzima atanyoa, pesa yote iwe ya utafiti.”

“Nitanyoa,” kinyozi alikubali alipoambiwa, akajipiga kifua. “Nitanyoa mpaka wenye vipara waje.”

“Na kwenye bango uandike jina kamili, Baba Pacha. Sitaki saratani tu, kama kitu kinachoelea hewani.”

“Jina kamili,” alisema yeye.

Jumamosi ilifana. Bango lilifungwa juu ya mlango, kisanduku cha michango kikawekwa chini ya kioo, na kabla jua halijapanda benchi lilikuwa limejaa mpaka watu wakakaa kwenye kizingiti. Muuza viatu alikuja na kichwa chake chenye kovu la tangu utotoni. Fundi redio alikuja kunyoa ndevu ambazo, kwa kweli, hazikuwa zimeota.

“Unanyoa nini hapo, Wembe? Kivuli?” muuza viatu aliuliza.

“Nachanga kwa ajili ya tumbo,” fundi redio akajibu kwa niaba ya kidevu chake. “Wewe lako linahitaji utafiti wake peke yake.”

Watu walivunjika mbavu. Kinyozi naye alicheka, sauti ikitoka kubwa kuliko kawaida, na mkono wake haukutulia. Alipangusa kioo ambacho kilikuwa safi. Alichungulia nje kila mara, kwa kuwa Mama Pacha alikuwa amesema akijisikia vizuri atapita na sista, na yeye moyoni alikuwa akiomba asijisikie vizuri, halafu akajichukia kwa ombi hilo.

Mzee Dereva alifika watu walipopungua. Alikuwa ameendesha malori ya safari ndefu mpaka macho yakamlazimisha kustaafu, na tangu mkewe afariki alikuwa hazungumzi sana. Alilisoma bango kwa muda, midomo ikicheza. Aliponyolewa alitoa noti kubwa, kubwa mno kwa mtu wa hali yake, akaisukuma ndani ya kisanduku kwa kidole.

“Chenji yako, mzee.”

“Chenji ya nini? Mke wangu alikufa kwa tumbo. Hakuna aliyewahi kuja hapa kuchangia tumbo.” Akakohoa. “Mmefanya jambo, mwanangu. Mmefanya jambo kubwa.”

Kinyozi alikunja shuka la kunyolea, akalikunjua, akalikunja tena.

Na ndipo Mama Pacha alipotokea, akiwa amemshika sista mkono, amevaa vizuri, amepaka na mafuta usoni. Alisimama barabarani akainua macho. Alisoma bango lote, mkasi mpaka chanuo.

“Tumbo,” alisema.

“Karibu, karibuni ndani,” kinyozi alisema. “Sista, kisanduku kimejaa, utashindwa kukibeba.”

Sista alilitazama bango, akamtazama Mama Pacha, akaelewa. “Baba, hii siwezi kuipokea.”

“Pesa ni pesa, sista.”

“Watu hawa wametoa kwa ajili ya kitu kingine. Sisi hatuchunguzi tumbo. Nikiichukua nitakuwa nimewadanganya.”

“Kwani ni nini, kama si tumbo?” fundi redio aliuliza kutoka kwenye benchi. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anauliza tu, lakini banda zima liligeuka kusubiri jibu.

“Mchora mabango kakosea,” kinyozi alisema. “Unajua hawa jamaa, ukiwaacha peke yao.”

Mama Pacha alimtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kalenda, akamtazama sawasawa, kisha akageuka na kuondoka polepole, akishikilia kuta za watu.

Nyumbani alimkuta amekaa kitandani na viatu miguuni. Kinyozi alipiga magoti kama kawaida yake. Mama Pacha akavuta mguu.

“Niache nivue mwenyewe.”

“Mama Pacha, sikiliza. Mimi naishi kwa wembe. Wakisikia nyumbani kwangu kuna virusi, nani atakaa kwenye kile kiti? Pacha watakula nini?”

“Kwa hiyo mimi ni virusi.”

“Sijasema hivyo.”

“Umeandika. Kwa herufi nono.” Alikuwa anahema, na kiatu kilikuwa kimegoma. “Muda wote huu sijakuuliza umevitoa wapi. Unadhani sijui kuuliza? Mimi, niliyekuwa nikibishana na soko zima? Nimenyamaza kwa sababu nilihitaji mtu wa kunivua viatu, na sikutaka tugombane nikiwa hivi. Nimekuomba kitu kimoja tu, andika jina la ugonjwa wangu. Na hicho umeona ni kikubwa. Hata mchora mabango wa watu umemsingizia.”

Kinyozi alibaki amepiga magoti. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

“Warudishie,” Mama Pacha alisema. “Mmoja mmoja, nyumbani kwao. Uwaambie ni nini. Atakayetaka kuiacha pesa yake, aiache akijua.”

Kesho yake alipiga moyo konde, akabeba kisanduku, akaingia mitaani. Hakuhitaji kuulizia watu. Alivikumbuka vichwa vyote vya jana, kile cha kovu, kile chenye visogo viwili, kile cha kijana aliyeficha upara wake wa mapema.

Muuza viatu alimsikiliza akiwa ameshika brashi ya kung’arishia. “Mlango wa nini?”

“Wa kizazi. Ni saratani ya wanawake. Mke wangu ndiyo inayomsumbua.”

“Aa.” Muuza viatu alikitazama kiatu. “Pole, ndugu yangu. Sasa, hayo si mambo ya akinamama wenyewe? Nirudishie nusu.”

“Kwa nini nusu?”

“Nusu ya mke wako, namheshimu. Nusu yangu.”

Kinyozi alimhesabia nusu yake. Huko mbele wengine walichukua yote bila kumtazama usoni, na mmoja alimwambia, karibu kwa huruma, kwamba mwanamume mzima hatembei akitangaza mambo ya ndani ya mkewe. Fundi redio alimpokea mlangoni, akapapasa kidevu chake.

“Ule wembe ulionipitishia jana...”

“Ulikuwa mpya. Karatasi uliiona. Na hivi virusi sista anasema njia yake ni ile ya ndoa, si ya kinyozi.”

“Nauliza tu, Wembe. Usikasirike.”

“Sijakasirika.”

“Basi nipe pesa yangu, halafu tutaona—”

“Iache hapo hapo!” Sauti ilitoka ndani, na mke wa fundi redio akatokea akifuta mikono. “Shemeji, hicho kipimo ulichokitaja, cha kujichukulia mwenyewe, kinapatikana wapi? Bure au kwa pesa?”

“Kilikuwa bure. Ndicho wanachokichangia.”

“Na wewe unataka kuirudisha pesa mfukoni,” alimwambia mumewe, “ukanunue betri.” Fundi redio akaangalia miguu yake. Kinyozi aliondoka kwake akiwa amepata hewa kidogo, na hewa hiyo ikamfikisha nyumba ya mwisho.

Mzee Dereva alikuwa amekaa nje, kofia magotini, kichwa chake kipya kinang’aa. Alisikiliza yote bila kukatiza. Kinyozi alipomaliza, mzee alibaki anaizungusha ile kofia.

“Vinapita kwa tendo la ndoa,” alirudia.

“Ndivyo alivyosema sista.”

“Vinakaa kimya miaka.”

“Miaka mingi, mzee.”

“Na kwako wewe, kavileta nani?”

Kinyozi alikuwa amelingoja swali hilo kwa muda mrefu, kutoka kinywa kingine. Alimeza mate. “Huenda ni mimi, mzee. Haijulikani. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na safari.”

Neno safari lilibaki katikati yao. Mzee alisimama, na kofia ikaanguka chini bila yeye kuiokota.

“Mke wangu alikufa kwa tumbo.”

“Ndiyo, mzee.”

“Tumbo! Lilikuwa linamuuma hapa, chini, na damu... Lilikuwa tumbo. Mimi nilikuwepo, siku nilizokuwepo.” Alinyoosha mkono. “Nipe pesa yangu.”

Kinyozi alimpa ile noti. Mlango ukafungwa. Aliiokota kofia, akaipangusa vumbi, akaitundika kwenye kitasa.

Nyumbani alimweleza Mama Pacha nyumba baada ya nyumba, nusu ya muuza viatu na yote. Alipofika kwa mzee alisitasita, kisha akasema. “Nilimwambia huenda ni mimi.”

Mama Pacha alimgeukia. “Umemwambia yeye kabla yangu.”

“Ndiyo.”

“Haya. Sasa niambie mimi.”

Akamwambia, mji ule, mwaka ule, yule mwanamke aliyekuwa akiuza chai karibu na kazini, bila kutia chumvi wala kupunguza. Mama Pacha alilia, si sana, akajifuta kwa upindo wa kanga. Nje pacha walikuwa wanagombania ndoo.

“Sijasema nimekusamehe,” alisema mwishoni.

“Najua.”

“Nivue viatu.”

Mchora mabango alitaka kwanza aombwe radhi, mbele ya watu, maana neno la kinyozi lilikuwa limemfikia. Kinyozi aliomba, kwa sauti iliyosikika mpaka ng’ambo ya barabara. Ndipo mchoraji akatandaza kitambaa kipya na kuandika jina lote, na kweli lilienea, ikabaki hata nafasi ya mkasi.

Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Kinyozi alifagia banda, akafagia tena, akajaza spiriti kwenye chupa iliyojaa. Wapita njia waliinua macho, wakasoma, wakakumbuka walikuwa wanawahi mahali. Muuza viatu alimpungia mkono kwa mbali. Mchana ulipokaribia, kinyozi alikuwa ameshanyanyuka kwenye benchi mara nyingi mpaka benchi lenyewe likaanza kulalamika, na hofu yake ya zamani ilikuwa imekaa pale kwenye kiti cha kazi, mahali pa mteja, imetulia kuliko yeye.

Mama Pacha aliingia bila hodi, akaisukuma hofu hiyo na kukaa.

“Ninyoe.”

“Ninyoe nini?”

“Una mashine ya kunyolea kucha? Nywele. Zote. Na ukigeuze kiti kitazame barabara.”

“Watu wataona, Mama Pacha.”

“Ndiyo.”

Akakigeuza. Akamfunga shuka shingoni, akainua wembe juu, akaichana karatasi mbele ya macho yake. Mikono yake, ambayo ilikuwa haijatulia tangu siku ya kalenda, ilitulia yenyewe, kwa kuwa kichwa hiki alikijua. Barabarani watu walianza kupunguza mwendo. Mama Pacha akajaza kifua hewa, na ile sauti ya sokoni, ambayo mtaa haukuisikia siku nyingi, ikatoka ikiwa na mikwaruzo kidogo.

“Njooni mnyolewe! Saratani ya mlango wa kizazi! Ninayo mimi, nanyolewa mimi, na siwaambukizi kwa kuwatazama!”

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mke wa fundi redio alivuka barabara akimvuta mumewe kwa mkono wa shati, akamkalisha kwenye benchi. Nyuma yao, taratibu, akija na kofia yake kichwani, alikuwa Mzee Dereva.

Alisimama chini ya bango mpaka Mama Pacha aliponyanyuka, kichwa kitupu, shingo imejaa nywele. Mzee alitoa ile noti yake, akaiingiza kisandukuni, kisha akakaa kwenye kiti ambacho mama yule alikuwa amekiacha kikiwa bado na joto. Kichwa chake hakikuwa na cha kunyoa, kilikuwa kimenyolewa wiki moja tu iliyopita. Alivua kofia.

“Mwanangu,” alimwambia Mama Pacha, na kinyozi alilazimika kuinama kumsikia. “Hao watafiti wenu. Wanawaandika na waliokwisha kufa?”

Mama Pacha alikuwa anajipangusa nywele shingoni. Mkono ukasimama.

“Sijui, baba,” alisema. “Sista yuko njiani. Utamuuliza mwenyewe, na mimi nitakuwa hapa.”

Mzee aliitikia kwa kichwa. Kinyozi alichukua wembe mpya, akauinua juu kidogo, kama siku zote, ili karatasi ionekane. Mzee hakuitazama. Alikuwa ameshafumba macho, na machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye shuka.

“Nyoa tu,” alisema.